Ukiitwa Kusoma Rasimu, Umeitwa Mwisho

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba kanda yao inaandaa mpango wa kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, na wananchi wametangaziwa mkutano wa kutoa maoni. Anauliza aende na hoja gani. Nami nikamuuliza: hesabu ya gesijoto imeshafungwa? Hakujua. Najua wengi wenu mnataka sauti ya eneo lenu iingie kwenye mipango hii, kwa hiyo jibu langu refu naliweka hapa.

Mipango hii huanza na hesabu, miradi hufuata baadaye. Wataalamu huchagua mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao miaka mingine italinganishwa nao, kisha hupima gesi inayotoka kwenye usafiri, majengo, viwanda, taka na kilimo. Mwongozo mmoja unaotumiwa na miji mingi ulitolewa mwaka 2014 na WRI, taasisi ya utafiti wa mazingira, pamoja na C40 na ICLEI, mitandao ya miji na serikali za mitaa. Unatenganisha mafungu matatu: gesi inayotoka ndani ya mipaka, ile ya umeme unaotumika ndani hata kama umefuliwa kwingine, na ile inayotoka nje kwa sababu ya shughuli za ndani. Ndiyo maana kupanga kwa kanda nzima kuna faida. Manispaa ikipeleka taka zake kwa jirani, ndani ya mipaka yake itaonekana safi, lakini hewa ni ile ile.

Mimi niliingia kwenye mambo haya kama mwakilishi wa watu wanaoishi karibu na dampo. Ofisi iliyosimamia mpango wa kwanza ilituita rasimu ikiwa imeshachapwa. Tulisikilizwa kwa adabu, tukaandikwa majina, tukapigwa picha. Mama mmoja mtu mzima alieleza vizuri sana moto wa dampo huanzia upande gani na msimu gani, maarifa ambayo hayakuwa kwenye kompyuta ya mtaalamu yeyote pale. Mpango ulipotoka, maneno yake yalikuwa kwenye kiambatisho, na ndani ya mpango wenyewe hakikubadilika kitu. Mpaka leo linaniuma. Ile orodha ya mahudhurio ndiyo iliyotajwa kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa.

Ulipofika wakati wa mapitio, tuliandika barua mapema kudai viti kwenye kikundi kinachoandaa hesabu. Tulivipata, ingawa kwa kusumbuana. Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililobadilisha kila kitu. Dampo hutoa metani, gesi inayotokana na taka zinazooza, na metani haikai angani muda mrefu kama kaboni dioksidi, ila kwa muda inaokaa hupasha joto vikali mno. Ukipima athari yake kwa miaka 100, tani moja ya metani ni sawa na karibu tani 28 za kaboni dioksidi. Ukipima kwa miaka 20, inazidi tani 80. Kawaida hutumika miaka 100. Hatukubishana na kanuni hiyo. Tuliomba tu safu ya pili kwenye jedwali, ya miaka 20, iwekwe kando ya ile ya kwanza.

Jedwali liliposomwa upya, dampo lililokuwa karibu na mkia lilipanda juu. Mpango umepitishwa majuzi, na kukusanya gesi ya dampo pamoja na kutenganisha taka zinazooza vimo kwenye hatua za kipaumbele. Nasema kwa fahari: hilo ni letu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuingia mapema. Dodoso la usafiri likiuliza safari ya kazini na kurudi tu, mama anayempeleka mtoto shule, akapitia zahanati na sokoni kabla ya kurudi nyumbani hayumo kwenye hesabu, na njia ya basi anayoihitaji haitakuwemo kwenye mpango. Liombe dodoso kabla halijasambazwa. Ingieni mapema, narudia, maana wakati wa rasimu kinachojadiliwa ni maneno, na namba zimeshaamua.

Pia daini mrejesho wa maandishi: kila hoja imekubaliwa au imekataliwa, na kwa nini. Ufaransa iliwakusanya wananchi 150 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kuanzia Oktoba 2019, wakatoa mapendekezo 149. Walipokutana tena mwaka 2021 kutathmini serikali imeyafanyia nini, waliipa alama za chini. Waliweza kuhoji kwa sababu mapendekezo yao yalikuwa yameandikwa moja moja, hadharani. Sisi watu wa kiambatisho hatukuwa na cha kushika.

Msikubali kuwa idadi ya waliohudhuria. Mkutano ukipangwa saa za kazi, kataeni, ombeni jioni. Lugha ikiwa ya kitaalamu, simamisheni kikao mpaka ieleweke. Anayeishi na moshi ana haki ya kuelewa unavyohesabiwa. Na mpango ukishapita, fuateni jedwali la utekelezaji: ofisi gani inawajibika, fedha zinatoka fungu gani, mwaka gani. Sisi sasa tunafuatilia fungu la mabomba ya kukusanyia gesi. Kikao cha bajeti kiko wazi kwa wananchi, na tumeshaomba nafasi ya kuzungumza.