Mti uliookotwa mtoni kwenye tangi la samaki

Salamu. Umeuliza kama kipande cha mti ulichookota mtoni kinafaa kwa tangi la maji baridi, ilhali bado kinaelea na kugeuza maji kuwa ya kahawia.

Kwanza kibonyeze kwa ukucha: kikiwa laini, kikitoa utomvu au kikinuka uozo, kitupe. Kikiwa kigumu na kikavu, bandua gome lote, kisugue kwa brashi bila sabuni, kisha kichemshe kwa saa moja au mbili, ukibadilisha maji kila yanapokolea rangi. Kisipoenea sufuriani, kiloweke kwenye ndoo hadi kizame chenyewe, hata ikichukua wiki kadhaa. Rangi hiyo ya kahawia ni tanini, kemikali ya asili inayotoka kwenye mti, ambayo kwa kawaida haiwadhuru samaki, nami huiacha. Utando mweupe ukijitokeza baadaye, ufute tu.