Pampasi au nepi, kipi kinanikomboa?

SWALI: Dada habari, nina mtoto wa miezi minne, tumepanga Mbagala. Pampasi zinanimaliza jamani. Natumia sita kwa siku, nachukua kwa Mangi moja moja kwa 500 maana pakiti ya 50 ni 20,000 na hela ya mkupuo sipati. Mama mkwe kaja toka Tanga anasema nirudi kwenye nepi, wao wamelea watoto saba bila hayo madubwana. Shoga yangu nae ananiambia kuna zile za vifungo, moja 12,000! Maji tunanunua, dumu 300. Nifanyeje? – Mama N., Mbagala

JIBU: Mama N. hongera kwa mtoto na pole kwa pochi. Sita mara 500 ni 3,000 kwa siku, mwezi 90,000. Kwa bei ya pakiti, hizo hizo sita zinakugharimu 2,400, mwezi 72,000, kwa hiyo kabla hata hujagusa nepi kuna 18,000 inaenda kwa Mangi kila mwezi kwa sababu tu ya kununua moja moja. Hapo ndo pa kuanzia, mshahara ukitoka pakiti kwanza.

Haya, nepi za vifungo. Ukitaka kufua kila siku unahitaji kama 12, hiyo ni 144,000, sawasawa na pampasi za pakiti za miezi miwili. Ukisikia hivyo unasema basi nimeokoka, ila subiri maji. Mie kwa nepi sita nilikuwa namaliza madumu matatu, moja la kusuuza mavi na mkojo, moja la sabuni, moja la kutoa povu, kwako hiyo ni 900 kwa siku, 27,000 kwa mwezi, weka na sabuni 8,000 unafika 35,000 ambayo mwenye bomba ndani haijui kabisa. Kwa hiyo unaokoa 37,000 kwa mwezi ukilinganisha na pakiti, na ile 144,000 itarudi baada ya miezi minne hivi. Mtoto atakuwa na miezi nane, bado ana safari ndefu ya kuvaa, na mdogo wake akija nepi zipo. Inalipa, ila sio kwa haraka kama shoga yako anavyosema.

Za mama mkwe, zile za taulo za pembe nne na pini, bei yake ni chini kabisa na zinakauka upesi kwa sababu unazikunjua, lakini akikojoa mara moja tu kalowa mpaka shuka, kwa hiyo unabadilisha mara nyingi na ndoo haikauki. Na muulize kwa upole, akirudi Tanga anafua nani?

Kosa langu mie niliziloweka siku mbili nzima kwenye ndoo ya mfuniko na jiki, nikifungua harufu inanipiga machozi, na lastiki za mapajani zikalegea zikawa zinavujisha. Jiki weka mbali, na ile sabuni ya kulainisha nguo pia, inafanya kitambaa kisinyonye. Mpya zifue mara tatu nne kabla ya kumvalisha, mwanzoni hazinyonyi vizuri. Masika nayo ni mtihani, ile pedi ya ndani unaishika asubuhi unadhani imekauka, ukiminya katikati bado ya baridi, nikawa namalizia na pasi na Luku inakimbia.

Usinunue 12 kwa mpigo. Chukua nne, mvalishe mchana mkiwa nyumbani, usiku na safari za kliniki mwachie pampasi. Fua mwenyewe wiki mbili uhesabu madumu yako, sio yangu, na ukiona umeanza kuzirundika chini ya kitanda hadi Jumamosi, ishia hapo hapo kwenye nne.