Ant hairudishi faili la zamani, na folda tupu hazifutiki

Ndugu, nimekuelewa: unajenga kwa Ant (zana ya kujengea programu za Java), faili ulilolitoa kwenye bekapu halifiki `build` (folda ya matokeo ya ujenzi), na amri ya `delete` inakuachia folda tupu.

La kwanza si hitilafu. Amri ya `copy` hutazama tarehe. Chanzo kisipokuwa kipya kuliko nakala, hakiguswi, na faili la bekapu kwa kawaida huja na tarehe yake ya zamani. Weka `overwrite="true"` kwenye `copy` hiyo moja tu. Ukiiweka kila mahali, kila mara unapojenga utanakili mzigo wote upya.

Folda tupu: ukitumia `fileset` (kundi la mafaili unayoyachagua), `delete` huondoa mafaili peke yake. Ongeza `includeemptydirs="true"`. Folda ikizidi kung'ang'ania, chungulia ndani kama kuna `.gitignore` au `.DS_Store`. Ant huyaruka hayo bila kukuambia, mpaka uandike `defaultexcludes="no"` kwenye `fileset`. Ila kama `build` yote ni mazao ya ujenzi, kwa nini ujisumbue? `<delete dir="build"/>` inazoa kila kitu, yaliyofichika pia.

Wengine watakushauri `sync`, amri ya kulinganisha folda moja na nyingine. Ni nzuri, lakini hufuta chochote kilichomo kwenye `todir` (folda inayopokea) kisichokuwepo kwenye chanzo. Ukikosea ukaielekeza `src`, msimbo wako umekwenda, na Ant haina pipa la taka. Hifadhi kazi yako kwenye Git (commit) kwanza.

Kwenye Windows ukiona "Unable to delete file", mara nyingi kuna programu ya Java bado imeishika jar (faili la programu ya Java iliyofungashwa) unayotaka kuifuta. Izime. Usizibe kosa kwa `failonerror="false"`, inayoiambia Ant iendelee hata ikishindwa kufuta; utakuja kufungasha jar ya jana.