Seva Ni Amana: Kwa Anayeanza Kujitolea Katika Miundombinu ya Programu Huria

Aliyewahi kuwa mwanachama wa kikoba anajua kwamba sanduku la fedha hufungwa kwa kufuli tatu, na kwamba funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayeuona utaratibu huo kuwa tusi, kwa sababu fedha ni za kikundi kizima na aliyeshika ufunguo ameshika amana. Naanza na sanduku hilo kwa kuwa vijana wengi wanaoniuliza namna ya kujiunga na timu zinazoendesha seva za miradi ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, huanza kwa kuulizia funguo: watapewa lini mamlaka ya msimamizi mkuu, na juu ya mashine ngapi. Nimefanya kazi hii ya kujitolea kwa miaka kadhaa, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiziombe. Fanya kazi, na wenzako watakuletea wenyewe siku watakapochoka kukufungulia mlango.

Tahadhari hii ina sababu. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika karibu katika kila mfumo endeshi wa Linux, kulikuwa kumefichwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mfumo. Aliyeuweka alikuwa amechangia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole na bidii, mpaka akakabidhiwa sehemu ya usimamizi na mtu mmoja aliyekuwa ameelemewa na kazi. Aliyeugundua, Andres Freund, alishangazwa na kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) kulikochelewa kwa takribani nusu sekunde kuliko kawaida, akafuatilia hadi akafika kwenye chanzo. Tangu hapo timu nyingi zimekuwa makini zaidi na wageni, na zina haki. Ukicheleweshewa ruhusa, usidhani unadharauliwa.

Wakati huo huo kazi isiyohitaji ufunguo wowote ni nyingi mno. Timu ya Fedora, mmojawapo wa mifumo ya Linux, kwa mfano, huweka hadharani mipangilio ya Ansible (programu ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja) inayoendesha mashine zake, na kwa miaka mingi imekuwa na kundi la wanagenzi wanaoruhusiwa kuingia katika mashine nyingi kwa kusoma tu, bila uwezo wa kubadilisha chochote. Soma mipangilio ya namna hiyo jinsi fundi mwanafunzi anavyotazama mikono ya fundi wake. Utaona maelezo yaliyopitwa na wakati, uyasahihishe. Utaona seva isiyofuatiliwa na mfumo wa tahadhari, upendekeze ifuatiliwe. Angalia pia vyeti vya usalama vya tovuti. Vile vya kawaida vya Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, hudumu siku 90, na tangu Juni 2025 shirika hilo halitumi tena barua pepe za kukumbusha kwamba muda unakaribia kwisha, kwa hiyo mradi usio na mtu wa kuangalia utajua siku watumiaji watakapoonywa na vivinjari vyao.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, shule bora ninayoifahamu ni kuendesha kioo, yaani seva inayonakili hazina ya vifurushi vya mradi (programu zilizofungashwa tayari kwa kusakinishwa) ili watu wa karibu wavipakue bila kuvuka bahari. Mwezi Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mamilioni ya watu katika ukanda wetu walihangaika na intaneti kwa siku kadhaa. Kioo kilichounganishwa na kituo cha kubadilishana data cha nchini hakiitegemei kebo ya baharini ili kumfikishia jirani yake kifurushi ambacho tayari kinacho. Kazi hii inaonekana nyepesi, lakini ina mpangilio wake. Hazina kuu ya Debian, mfumo mwingine wa Linux, husasishwa mara nne kwa siku, na anayenakili lazima achukue vifurushi vyenyewe kwanza, kisha ndipo achukue faharasa zinazovitaja na kufuta vilivyokwisha kuondolewa. Akiugeuza mpangilio huo, mtumiaji atasoma katika faharasa jina la kifurushi ambacho bado hakijafika, na usakinishaji wake utakwama. Ndiyo maana Debian huwataka waendeshaji wa vioo watumie ftpsync, programu yake ya kunakilia, badala ya kujitungia amri zao. Faharasa hizo pia hulindwa kwa saini ya kidijitali, kwa hiyo mwenye kioo hawezi kubadilisha kifurushi bila kompyuta ya mtumiaji kukikataa. Hivyo mradi unaweza kukukabidhi kazi kubwa hata kabla haujakufahamu vizuri, na hilo ni jambo ninalolipenda sana katika mfumo huu.

Hata hivyo, kioo si nakala rudufu. Mwezi Machi 2013 mradi wa KDE, unaotengeneza programu za kompyuta za mezani, ulinusurika kupoteza hazina zake za Git (mfumo wa kutunza msimbo na historia yake) zipatazo 1,500. Seva kuu ilizimwa ili kuwekewa marekebisho ya usalama, na ilipowashwa, mfumo wa mafaili ulikutwa umeharibika, pamoja na faili lililoorodhesha miradi. Vioo, vilivyokuwa vimepangiwa kuifuata seva kuu kwa kila kitu, vikaisoma orodha hiyo mbovu na kufuta hazina vilizokuwa nazo. Kilichowaokoa ni mashine moja ambayo nakala yake ilikuwa bado nzima. Ukijiunga na timu yoyote, uliza nakala rudufu ziko wapi na ni lini mara ya mwisho mtu alijaribu kurejesha kitu kutoka humo. Jibu likiwa la kubabaika, umepata kazi ya miezi sita: kila mwezi chagua hifadhidata moja, irejeshe kwenye mashine tupu, uandike ilichukua muda gani na ulikwama wapi.

Nami nimewahi kuharibu. Katika mwaka wangu wa kwanza, nikiwa zamu usiku, diski ya seva ya kujengea vifurushi ilijaa. Nililikuta faili kubwa la kumbukumbu za mfumo, nikalifuta, na nafasi haikurudi. Sikujua kwamba katika Linux faili lililofunguliwa na programu huendelea kushika nafasi yake mpaka programu hiyo iliachie, hata kama jina lake limetoweka. Ilitosha kuwasha upya programu moja. Badala ya kuuliza, niliendelea kufuta, na kulipokucha matokeo ya ujenzi wa wiki nzima, ambayo wenzangu walikuwa wakiyasubiri, yalikuwa yamekwenda. Hawakunikaripia. Waliniomba niandike kila amri niliyoitoa pamoja na saa yake, na maandishi hayo yalinifundisha kuliko mwaka mzima wa masomo. Jina peke yake linaweza kumpoteza mtu: hifadhidata ya PostgreSQL ilikuwa na saraka iitwayo pg_xlog, ambayo watu waliifuta wakidhani ni kumbukumbu za kawaida, kumbe humo ndimo mabadiliko huandikwa kabla ya kuwekwa mahali pake. Toleo la 10, la mwaka 2017, liliibadilisha jina kuwa pg_wal kwa sababu hiyo.

Mambo mawili madogo ya kwetu. Saa zote ziandike kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na kwa mtindo wa saa 24, kwa sababu saa tatu yetu ya asubuhi ni 09:00 ya hapa na 06:00 ya UTC, na tukio likichunguzwa tofauti hizo huvuruga kila kitu. Tena, kazi yoyote ndefu ifanyie ndani ya tmux, programu ya kwenye seva inayoziendeleza amri zako hata muunganisho ukikatika, ili umeme ukikatika Dodoma au Kisumu, amri uliyoianzisha kwenye seva iliyoko Ujerumani iendelee, nawe urudi kuikuta baadaye.

Siku ya kuondoka nayo itafika: mtoto atazaliwa, au ajira itabadilika. Sema mapema. Nilipoiacha timu yangu ya kwanza, niliandika ukurasa mmoja wa kazi nilizokuwa nikizifanya peke yangu, nikamtafuta wa kuirithi kila moja, kisha nikaomba ufunguo wangu wa SSH uondolewe kila mahali. Jioni hiyo nilijaribu kuingia kwenye seva mojamoja. Zote zilinikataa isipokuwa moja, iliyokuwa imesahaulika katika orodha yetu, nikawaandikia jina lake.