Maswali na Majibu: Kubadilisha Springi, Shokapu na Bushi Nyumbani

Land Cruiser yangu ya mfululizo wa 70 inagonga nyuma kila nikipita kwenye mashimo, na upande wa kushoto imelala kidogo. Je, nianze na shokapu? (Msomaji, Goba)

Hapana. Shokapu haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko wa springi, kwa hiyo gari lililolala upande mmoja linakuelekeza kwenye springi yenyewe. Gari lako lina springi za vyuma bapa nyuma. Ondoa tope, washa tochi, kisha ukague bapa moja baada ya jingine, hasa karibu na boliti ya katikati, ile inayoyashikanisha mabapa yote. Bapa lililopasuka lisichomelewe, hata fundi akikuhakikishia vipi, kwa sababu joto huharibu ugumu wa chuma hicho nacho hukatika tena kando ya pale palipochomelewa. Ukifunga springi, hakikisha kichwa cha boliti ya katikati kimeingia kwenye tundu lake la ekseli, tumia yu-bolti mpya (boliti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), na uzikaze tena baada ya kilomita mia chache. Shokapu inayochuruzika mafuta imekwisha, nayo hubadilishwa pamoja na mwenzake wa ekseli ileile.

Uani kwangu kuna mchanga mtupu. Je, jeki na matofali ya saruji vinatosha? (Msomaji, Kigamboni)

Havitoshi, na jibu hili naomba lisomwe hata na wasiouliza. Tofali hubeba ukuta kwa sababu uzito umesambaa juu yake. Likibanwa na chuma chembamba cha chasisi mahali pamoja hupasuka ghafla bila kutoa dalili, na Land Cruiser kama ile ya msomaji wa Goba ina uzito wa takriban tani 2 au zaidi. Jeki nayo ni ya kuinulia, si ya kushikilia, kwani sili yake ikivuja gari hushuka pamoja nawe ukiwa chini. Tafuta stendi mbili za chuma zinazomudu uzito wa gari lako, na kwa kuwa mchanga hudidimia, tandika vipande vipana vya mbao nene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Zuia magurudumu yanayobaki chini, mbele na nyuma ya kila moja, kwa sababu katika magari mengi ukishainua ekseli ya nyuma breki ya mkono haishikilii tena kitu.

Stendi zikae chini ya chasisi. Ekseli yenyewe ibebwe na jeki ya pili, uishushe taratibu huku ukitazama mpira wa breki na waya zinazokwenda kwenye magurudumu visivutike. Kabla ya kuingia chini, lisukume gari kwa nguvu kutoka ubavuni. Likiyumba juu ya stendi, lishushe uanze upya. Kama huna stendi, kazi isubiri hadi uzipate.

Nilifunga bushi mpya za mpira kwenye mikono ya ekseli ya Suzuki Jimny, lakini zimechanika mapema sana. Je, niliuziwa feki? (Msomaji, Madale)

Huenda, lakini kwanza jiulize ulizikaza gari likiwa katika hali gani. Bushi hukaa kwenye ncha za mikono, yaani vyuma vinavyounganisha ekseli na chasisi. Katika bushi ya namna hii mpira umegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje, na mkono huo unapopanda na kushuka ni mpira unaojisokota. Ukikaza boliti ekseli ikiwa inaning'inia, unalifunga bomba la ndani katika mkao huo; gari likishuka chini mpira huwa umeshasokotwa hata kabla hujatoka getini, na kila shimo huuongezea msokoto hadi uchanike. Funga boliti kwa mkono tu, shusha gari likanyage kwa uzito wake wote, ndipo ukaze kwa spana ya kupimia kulingana na kipimo cha mtengenezaji. Bushi za plastiki ngumu zinazozunguka juu ya bomba lake hazina tabia hii, ila zinahitaji grisi yake maalumu.

Boliti zimeganda kwa kutu ya chumvi ya bahari. Je, nizipashe moto? (Msomaji, Kunduchi)

Sugua kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulegezea kutu jioni, rudia asubuhi. Moto usikaribie kabisa shokapu ya gesi, mpira wa breki wala bushi unayotaka kuibakiza. Unapofunga, weka nati mpya mahali penye nati za kujifunga.

Prado yangu ya 120 ina springi iliyovishwa juu ya shokapu mbele. Je, naweza kuifungua mwenyewe? (Msomaji, Mbezi)

Kuitoa yote kama ilivyo, ndiyo. Kuitenganisha, hapana: springi hiyo imebanwa, na ukifungua nati ya juu bila kifaa imara cha kuibana itaruka kwa nguvu ya kuua. Peleka mkusanyiko huo gereji wautenganishe, kisha uurudishe mwenyewe, na siku hiyohiyo gari likapimwe alaimenti (mwelekeo wa magurudumu), maana mikono ya mbele ikishafunguliwa matairi yanaweza kuliwa upande mmoja.