Kisiwa Kidogo, Maji Lita Tatu

*Maswali ya wasomaji wanaopenda kutembea kwa miguu*

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 61, naishi Tabata Segerea. Binti yangu anasoma Malta na amenialika mwezi wa nne mwakani. Ananiambia kuna kisiwa cha pili, Gozo, ambacho watu hukizunguka kwa miguu kando ya bahari. Mimi kila Jumapili hupanda vilima vya Pugu, ila goti la kushoto hunisumbua kwenye mteremko. Nimeona kwamba Gozo ina urefu wa kilomita 14 na upana wa saba hivi. Siku moja si inatosha? Na nivae viatu gani?

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Kuzunguka utazunguka, ila siku moja haitoshi, na nakuomba usijaribu. Hizo kilomita 14 ni za ndege. Wewe ukifuata ukingo wa bahari, ukashuka kila korongo na kupanda upande wa pili, njia yote inakaribia kilomita 50. Wengi huigawa siku nne, nami naona ndiyo hesabu nzuri kwa mtu mwenye goti. Mwezi wa nne umechagua vizuri mno. Wakati sisi huku tunapambana na masika na Jangwani pamejaa maji, kule mvua zinaelekea ukingoni, mashamba bado ya kijani na maua mekundu yamesimama kando ya njia. Ukichelewa hadi wa sita, majani yote yamekauka na jua halina mzaha.

Mabasi ya Gozo karibu yote huanzia Victoria, mji ulio katikati ya kisiwa, ambao wenyeji wanauita Rabat. Basi panga chumba kimoja hapohapo. Tembea kipande, panda basi urudi kulala, kesho yake uanzie ulipoishia. Begi zito linabaki chumbani. Mgongoni ubebe maji lita mbili, mkate, kofia na koti jepesi la upepo. Mikononi fimbo mbili, kwa sababu ya goti.

Siku ya kwanza toka bandari ya Mġarr, ufuate pwani ya kusini mpaka Mġarr ix-Xini, ghuba nyembamba yenye mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1661. Minara ya aina hiyo utaiona tena Xlendi na Dwejra. Ilikuwa ya kulinda pwani, na usipite bila kujua kwa nini walihitaji ulinzi: mwaka 1551 meli za Waturuki zilikuja zikawabeba utumwani karibu watu wote wa kisiwa, kama 5,000. Sisi tuliokulia jirani na Bagamoyo, habari kama hiyo hatuwezi kuisikia tukaendelea tu na safari. Mimi nilikaa chini ya mnara ule muda mrefu.

Kutoka hapo unapanda kwenda Ta' Ċenċ. Huko juu ni mwamba mtupu, mweupe kama mfupa, umetobolewatobolewa na mvua mpaka ukawa na makali. Hakuna mti wa kukaa chini yake. Ukingo hauna uzio: mwamba unakatika, na bahari iko zaidi ya mita mia moja chini yako. Tembea hatua kumi ndani ya ukingo. Ukitaka kupiga picha, simama kwanza, ndipo utoe simu.

Sasa viatu, maana hapa nina la kusema. Safari yangu ya kwanza nilivaa viatu vya mtumba, vya kupendeza kwa macho, soli nene yenye meno. Sikujua gundi ilishakauka. Nikiwa Ta' Ċenċ, kwenye saa nne asubuhi, nikasikia kitu kinanipiga kisigino, pa, pa, pa. Soli ya mguu wa kulia ilikuwa imeachia kutoka kisigino hadi katikati, inaning'inia kama ulimi. Nilikuwa nimejifunga khanga kichwani. Nikachana pindo lake, nikazungusha kwenye kiatu mara tatu, fundo nikaliweka juu ili nisilikanyage. Kila baada ya robo saa makali ya mwamba yalikuwa yamelikata, nachana pindo jingine. Nilifika Xlendi na nusu ya khanga. Alinipa mama yangu ile, na hiyo nusu ninayo hadi leo.

Kwa hiyo, mwalimu, chukua viatu vyako leo, ukunje soli kwa nguvu na upitishe ukucha kwenye mwungano. Pakiachia hata kidogo, mpelekee fundi viatu avishone kwa uzi, usikubali gundi peke yake. Halafu uvivae Pugu Jumapili zote zilizobaki. Kiatu kipya usikifungulie Gozo.

Siku ya pili, Xlendi hadi Dwejra, ni fupi na nzuri, sina la kuongeza isipokuwa moja. Watu bado wanatumiana picha za lile tao kubwa la mwamba la Dwejra, Azure Window. Halipo. Lilianguka baharini tarehe 8 Machi 2017 wakati wa dhoruba. Ukiona mwingine anasimama kwenye mwamba uliochomoza juu ya maji, wewe usisimame.

Siku ya tatu unapita kaskazini mpaka Marsalforn. Ya nne, ya kurudi bandarini Mġarr, ndiyo inayowaangusha watu. Ukielewa ardhi ile ilivyopangwa utaipita salama. Juu kabisa kuna mwamba mgumu wa matumbawe, ndugu wa huu wetu wa Oysterbay. Chini yake kuna mfinyanzi wa kijivu kinachoelekea buluu. Chini ya mfinyanzi kuna jiwe laini la chokaa la rangi ya asali, ambalo ndilo wanalojengea nyumba. Maji ya mvua hupenya mwamba wa juu, yakifika kwenye mfinyanzi yanakwama, yanatafuta njia ubavuni na kutoka kama chemchemi. Ndiyo sababu mashamba mazuri yako kwenye miteremko, na ndiyo sababu njia inayokwenda ghuba ya Ramla huteleza hata baada ya mvua kukatika. Mfinyanzi ule unashika soli, unaufanya mguu mzito kama umefungiwa tofali, halafu unakuachia ghafla. Kama usiku imenyesha, pita njia ya juu ya magari. Unachelewa kidogo, lakini goti linafika zima.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 24, nauza duka la dawa Mbagala. Mimi na rafiki yangu tunadunduliza twende hukohuko Gozo. Kimalta hatukijui. Tutaulizaje njia? Halafu kwenye picha tumeona ukuta wa mawe umepakwa herufi RTO kwa rangi. Maana yake nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Na ushangae: neno hili nililokujibu utalikuta limeandikwa kwenye milango ya maduka kule, *Merħba*, maana yake karibu.

Kimalta kimetokana na Kiarabu kilichokuwa kikisemwa Sicily na Malta karne nyingi zilizopita, kikachanganyika na Kiitaliano, na kinaandikwa kwa herufi hizihizi zetu. Kwa kuwa na Kiswahili kimechota kwenye kisima hicho, utakuwa unatembea huku unakutana na jamaa zako. Bahari ni *baħar*. Kitabu ni *ktieb*. Alhamisi ni *il-Ħamis*, Ijumaa *il-Ġimgħa*. Sita *sitta*, saba *sebgħa*, hamsini *ħamsin*. Ramla ni mchanga, neno lilelile la wapiga ramli wetu. Na ile Dwejra niliyomtajia mwalimu ni *dar* iliyofanywa ndogo, yaani kijumba. Mtu wa Dar kwenda kulala Dwejra! Siku mama mmoja muuza jibini alipohesabu chenji yangu kwa sauti nami nikaitikia namba kwa Kiswahili, aliacha mizani, akanishika mkono, akaniita ndani nionje jibini mbichi ya mbuzi. Tulihesabu wote wawili mpaka hamsini.

Kusoma vibao, shika haya: *x* ni sh, *ġ* ni j, *ċ* ni ch, na *għ* kwa kawaida haisikiki. Kwa hiyo Xlendi ni Shlendi, na Għawdex, jina la Gozo kwa wenyewe, ni Audesh. Mkikwama, Kiingereza nacho ni lugha rasmi na kila mtu atawaelekeza.

RTO ni kifupi cha *riservato*, Kiitaliano, kwamba eneo limehifadhiwa. Mara nyingi ni la wawindaji wa ndege. Msimu wao mkuu unaanza Septemba hadi mwisho wa Januari, na mtawasikia alfajiri wakifyatua bunduki. Wengine hupaka herufi hizo hata palipo na njia ya watu wote, na jambo hilo linawakera watembeaji wengi. Mimi nashauri msibishane na mtu mwenye bunduki. Msalimieni, muulizeni pa kupita, mara nyingi atawaonyesha mwenyewe. Na kuta zile za mawe yaliyopangwa bila saruji msizipande kabisa. Zinazuia udongo mchache uliopo usibebwe na mvua, na sheria inazilinda.

Viza ni ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Msisubiri mwisho. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000.

SWALI: Dada, mimi ni baharia, nyumbani Kigamboni. Mwezi wa nane meli yetu itasimama Malta na nitapata mapumziko ya siku mbili. Nataka kutembea kidogo Gozo, nione kitu cha kukumbuka. Nifanye nini?

JIBU: Kaka, mwezi wa nane miamba ya kusini achana nayo. Jua lile linatoka juu na linarudi tena kutoka kwenye mwamba mweupe, mtu anachomwa mpaka chini ya kidevu. Nenda jioni hadi Ċirkewwa, bandari ya kivuko upande wa Malta, uvuke. Ni dakika 25 tu, utakumbuka pantoni lako, ila nauli hulipi wakati wa kwenda, unalipa ukirudi. Lala Marsalforn.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri uwe njiani, maji lita tatu begini, ufuate pwani kuelekea magharibi hadi Xwejni. Hapo utakuta mabwawa ya chumvi yaliyochongwa kwenye ile chokaa ya rangi ya asali, mamia kwa mamia, mengine mapana kama kitanda, mengine kama mkeka wa kuswalia, yamefuatana kando ya maji. Umeona ya Kunduchi yalivyo, ya udongo na mapana? Haya ni ya jiwe, na familia zinarithishana kazi kizazi kwa kizazi. Bahari inaingizwa, jua linaikausha, chumvi inabaki. Wanaifagia kwa ufagio taratibu, wanairundika pembeni, wanaichota kwenye ndoo. Mzee mmoja alinipa chembe kiganjani, bado ina unyevu, pembe zake nne zikionekana wazi kama sanduku dogo la kioo. Akaniambia niionje kabla jua halijapanda.

Kaa hapo, tazama wanavyofanya, nunua kifuko. Ikifika saa tatu geuka urudi Marsalforn, uingie majini, ulale kivulini mpaka alasiri. Matembezi yako ya siku yamekwisha.