Anza na Ukili Mwembamba: Kwa Wanaojifunza Kusuka Nyumbani Lamu

Wengi wanaokuja kujifunza kusuka wanataka watoke na kikapu siku hiyo hiyo. Nawaelewa. Kikapu ndicho kinachoonekana dukani, ndicho kinachouzika, na tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kila nyumba inahitaji kitu cha kwendea sokoni. Lakini kikapu si kitu kingine ila ukili mrefu, yaani mkanda wa majani yaliyosukwa, ulioshonwa, na ukili ukiwa mbovu hakuna mshono utakaouokoa. Kwa hiyo wewe unayeanza, siku zako za kwanza zipe ukili mmoja mwembamba wa chane tano, yaani vipande vitano vyembamba vya jani lililochanwa, na utakachoshona kwa ukili huo kiwe kidogo: kitanga cha kuwekea birika la chai mezani. Kofia ya jua, kapu la mkate na kikapu cha sokoni vinatokana na kazi hiyo hiyo.

Tuanze na miyaa, maana hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokwama wakidhani tatizo ni mikono yao. Miyaa ni majani ya mkoma. Mikoma inaota huko bara ya Lamu na kandokando ya mto Tana, na majani yanafika visiwani yamefungwa matita. Ukiwa Amu, yaani Lamu mjini, ulizia kwa wanawake wa Kipungani, kijiji kinachosifika kwa mikeka na vikapu. Wao watakuambia ukweli kuhusu tita unalonunua. Unachotaka ni majani ya kuti changa, lile la katikati ambalo halijafunguka. Jani lililokaa wazi mtini limekomaa na litakatika kwenye pindo. Lijaribu kabla ya kutoa pesa: lipinde, libane pindo kwa ukucha, kisha likunjue. Likibaki na mstari tu, ni zuri. Likipasuka, waachie wanaofunga fagio na kusokota kamba.

Miyaa mibichi huanikwa juani siku kadhaa mpaka ukijani uishe na jani liwe jeupe. Jioni iingize ndani, usiiache ikalowa umande. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio wakati wake hasa, kwa sababu jua ni kali na mvua ni haba. Masika ni mtihani. Miyaa ikipata unyevu kabla haijakauka vizuri hushika ukungu, na yale madoa meusi hayatoki hata uyasugue vipi. Anayeanza katikati ya masika afadhali anunue iliyokwisha kauka kuliko kuanika mwenyewe.

Kisha kuchana. Toa uti wa jani, na kingo zilizokunjamana zikate. Shika jani kwa mkono wa kushoto, chomeka sindano karibu na ncha, halafu vuta jani huku sindano imetulia. Usisukume sindano, vuta jani. Kwa njia hiyo mpasuko unafuata nyuzi za jani lenyewe na chane inatoka na upana mmoja mwanzo hadi mwisho. Kwa kujifunza, chane ya upana wa nusu sentimita inatosha. Zote tano ziwe sawa. Chane moja ikiwa pana kuliko wenzake, ukili utapinda upande mmoja, na utadhani umekosea kusuka kumbe ulikosea kuchana. Ukimaliza, pitisha kila chane kati ya kidole gumba na mgongo wa kisu, mara mbili au tatu, ilainike.

Sasa maji. Miyaa mikavu ikisukwa hivyo hivyo inavunjika. Iliyoloweshwa sana inavimba, na ikikauka baadaye inasinyaa na kuacha matundu kwenye ukili. Usiitumbukize kwenye ndoo. Chovya vidole majini, pangusa chane, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uziache humo kwa muda kabla ya kuanza. Ukiwa unasuka, kitambaa kiwe pajani na chane za akiba ziwe ndani yake. Upepo wa pwani unakausha haraka, hasa mtu akisukia barazani, kwa hiyo rudia kulowesha vidole kila unapohisi chane inaanza kutoa sauti.

Kusuka kwenyewe ni hesabu ndogo. Funga chane tano kwa uzi kwenye ncha moja, zitenge mbili kushoto na tatu kulia. Chukua ya mwisho kulia, ipitishe juu ya jirani yake, kisha chini ya inayofuata, iache ijiunge na za kushoto. Sasa kushoto ziko tatu, kulia mbili. Chukua ya mwisho kushoto, ipitishe juu ya jirani yake, kisha chini ya inayofuata, ijiunge na za kulia. Umerudi ulipoanzia. Rudia hivyo mpaka mwisho. Kila chane inapogeuka ukingoni, ikunje iwe bapa, pindo lake likae safi, usiizungushe kama kamba. Ukingo uliokunjwa vizuri ndio utakaoshonwa baadaye, na jicho la mnunuzi huanzia hapo.

Ukipata nafasi ya kukaa na bibi anayejua kazi hii, msalimie kwa heshima, omba ruhusa, halafu nyamaza utazame kidole gumba chake cha kushoto. Wanafunzi hutazama mkono wa kulia kwa sababu ndio unaokwenda huku na huku, lakini gumba la kushoto ndilo linalobana mahali chane zinapokutana na kuzizuia zisilegee. Likitoka pale, hata kidogo, mistari inaachana. Bibi anaweza kuzungumza, kumkemea mtoto na kuitikia salamu ya mpita njia, gumba likiwa pale pale. Hilo ndilo la kuiga kwanza. Kasi haina haja sasa.

Chane inapokaribia kwisha, usingoje ifike ncha. Ikibaki kiasi cha shibiri, laza chane mpya juu yake na uzisuke zote mbili pamoja kwa hatua kadhaa, kisha iache ya zamani upande wa chini. Usiongeze chane mbili mahali pamoja, ukili utanenepa hapo. Mikia inayobaki ikatwe kwa mkasi baada ya ukili kukauka, kamwe si kabla, kwa sababu miyaa ikikauka hujivuta na mkia uliokatwa mapema huchomoka.

Suka mpaka upate pima nne, yaani karibu mita saba. Wanaosuka bado wanapima kwa mwili: shibiri mbili ni dhiraa moja, dhiraa nne ni pima moja, ambayo ni mikono yako miwili ukiinyoosha. Kipimo hiki kinafaa kazi hii kwa sababu huna haja ya kusimama kutafuta futi. Ukilinganisha pima ya kwanza na ya nne utaona mwenyewe mkono ulivyobadilika. Ile ya kwanza ikate uiweke pembeni. Shonea tatu zilizobaki.

Kushona ndiko ninakokupenda zaidi, na ndiko kunakofundisha umbo. Tumia shazia kama unayo, au sindano yoyote nene, na uzi imara. Kunja ncha ya ukili, anza kuuzungusha bapa juu ya meza, ukingo ukigusana na ukingo, na kila mshono uchukue pindo moja la ukili wa ndani na moja la ukili wa nje. Hapa utaona kwa nini nilisisitiza ukili mwembamba: ukili mpana haukubali kuzunguka duara dogo, unakunjamana. Mwembamba unafuata.

Sasa angalia kitanga kinavyokaa. Ukiuvuta sana ukili wa nje unaposhona, duara linainuka kingo na kuwa bakuli. Ukiulegeza sana, kingo zinafanya mawimbi. Ukitaka kitanga kilale, ukili ulazwe tu, usivutwe wala usisukumwe. Kisha, ukishakijua hicho, geuza somo: fika upana wa kiganja, halafu anza kuvuta kwa makusudi, kidogo kidogo, kila mzunguko. Ukuta utaanza kupanda wenyewe. Hilo ni kapu la mkate. Ukiendelea na ukipunguza kuvuta karibu na mwisho ili mdomo ufunguke, umepata kofia ukiipindua. Watu hudhani kila kimoja kina ufundi wake wa siri, kumbe tofauti ni namna unavyovuta ukili.

Kuhusu rangi, nasema kwa ufupi: ngoja. Rangi huchemshwa na miyaa kabla ya kusuka, na sufuria ikishapikiwa rangi isirudi tena jikoni kwenye chakula. Ukili mweupe unaonyesha kasoro zako zote, na kwa sasa unahitaji kuziona.

Wapo watakaokushauri uanze na kofia za kitambaa za kushona kwa uzi, kwa kuwa zinauzwa bei nzuri. Ni kazi tukufu, naiheshimu mno, lakini kofia moja ya mkono inaweza kuchukua miezi, na anayeanza anahitaji kumaliza kitu. Kwa watoto wanaokaa nawe unaposuka, wape kuti bichi la mnazi wajaribu pakacha. Kuti lina vipande vipana, halitaki kuloweshwa, na likiharibika kuna jingine uani.

Ukifika kwenye kikapu cha sokoni, tahadhari na mishikio. Vikapu vingi vya wanaoanza vinasukwa vizuri na kufia kwenye mshikio, kwa sababu umeshonwa ukingoni tu na uzito wote unaning'inia kwenye ukili mmoja. Kamba ya mshikio ishuke ubavuni, ipite chini ya kitako, ipande ubavu wa pili, ishonwe njia nzima kila baada ya vidole vinne. Kabla hujampa mtu au kumuuzia, kitie viazi kilo tano, kiinue, tembea nacho mpaka mwisho wa mtaa na urudi. Kisha kipindue utazame mishono ya kitako mmoja mmoja. Uliolegea ukaze hapo hapo, uzi ukiwa bado kwenye sindano.